Je, Wajua? Sola Inataka Mwanga, Haitaki Joto

Ukipita Kang'ata, wilayani Handeni, utaona paneli za sola zimelazwa juu ya mapaa ya bati. Wengi huamini kwamba jua likichoma zaidi, sola nayo inachaji zaidi. Kumbe joto halina faida yoyote kwa sola. Inachotaka ni mwanga, tena kwa kuuchagua.

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa mawimbi. Jicho letu huona yale yenye urefu wa nanomita 400 hivi, yaani zambarau, hadi 700, yaani nyekundu. Silikoni, malighafi ya paneli nyingi, huyanasa hayo na kuendelea hadi nanomita 1,100 hivi, ndani ya infraredi tusiyoiona.

Mpaka huo una sababu. Ili umeme upatikane, chembe ya mwanga lazima iifungue elektroni iliyoshikiliwa ndani ya silikoni, na kazi hiyo ina nauli yake. Chembe ya wimbi refu mno ina nishati kidogo: nauli pungufu, haipandi. Wimbi fupi, kama la bluu, hutoa noti kubwa lakini chenji hairudi: nishati inayozidi hugeuka joto. Mwaka 1961 wanafizikia William Shockley na Hans Queisser walipiga hesabu wakaona kwamba seli ya sola yenye malighafi ya aina moja, hata iundwe kwa ustadi gani, haiwezi kugeuza kuwa umeme zaidi ya takriban theluthi moja ya nishati ya jua.

Turudi kwenye ule mpaka wa nanomita 1,100. Rimoti ya televisheni kwa kawaida hutumia infraredi ya nanomita 940 hivi. Jicho halioni kitu, silikoni inaiona vizuri. Jiko la mkaa nalo litakuunguza uso, lakini usitegemee likuchajie simu: mawimbi yake karibu yote ni marefu kupita mpaka wa silikoni.

Joto lenyewe huipunguzia sola nguvu. Kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25 kwa kawaida huondoa kati ya asilimia 0.3 na 0.5 ya nguvu hiyo. Paneli iliyobanwa kwenye bati saa saba mchana ikifika nyuzi 60, imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo fundi akikuambia paneli iinuliwe kidogo ili upepo upite chini yake, mkubalie; hiyo nafasi ni umeme.