Kazi za Watoto Wadogo Darasani

Katika nyumba nyingi za hapa Mbeya mtoto arudipo kutoka shule ya chekechea huulizwa, "Leo mmeandika nini?" Naye akijibu kwamba wamehesabu maharagwe, wakafinyanga udongo na kuimba, mzazi hunung'unika, husema, "Ada yetu yapotea bure, huyu anacheza tu." Wako hata wanaomwondoa mtoto wa miaka minne na kumpeleka mahali pa kujaza daftari zima kila juma. Mwezi huu twapenda kuliangalia jambo hili kwa makini, maana si habari ya fedha peke yake. Ni habari ya mtoto, kama atapenda kujifunza au ataogopa.

Basi, na tuingie darasani. Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya Mbeya ni kali, na watoto hufika asubuhi wamejikunyata katika masweta yao. Mwalimu hawapi kalamu kwanza. Huomba nao sala fupi, kisha huwaimbisha wimbo wa kupiga makofi na kukunjua vidole. Apitaye nje huona mchezo, lakini vidole vinafanya kazi. Mtoto asiyeweza bado kufunga kifungo cha shati lake, ataiwezaje kalamu? Kwa sababu hiyo hupewa udongo afinyange ng'ombe na chungu, hupewa mbegu azitunge katika uzi, tena hupewa sanduku la mchanga aandike herufi kwa kidole. Akikosea, hufuta kwa kiganja akaanza tena, wala hapana alama nyekundu ya kumtia haya.

Hesabu nayo ni hivyo hivyo. Mtoto aweza kuimba moja hata ishirini kama kasuku, naye hajui bado kuhesabu. Mwalimu humwekea maharagwe matano, akayatawanya, akamwuliza, "Sasa ni mangapi?" Siku mtoto atakapojua kwamba ni matano yale yale, amepata jambo kubwa. Baadaye hufungua duka lao: vifuniko vya chupa ndiyo fedha, na bidhaa ni viazi, maparachichi na ndizi za Tukuyu. Humo hujifunza kuhesabu, kungoja zamu, kusema tafadhali na ahsante, na kutompunja mwenzake.

Liko na jambo la lugha. Watoto wetu wengi hutoka katika nyumba zisemazo Kisafwa, Kinyakyusa, Kimalila au Kindali, na Kiswahili hukizoea shuleni. Mtoto wa namna hiyo aweza kukaa kimya majuma mengi. Tusimwite mjinga, kwani anasikiliza. Mwalimu mwema humshikisha kitu, jani au jiwe au kikombe, akakitaja kwa Kiswahili, kisha akamwuliza bibi yake nyumbani hukiitaje. Hapo mtoto hufungua kinywa, kwa maana ana neno la kumfundisha mwalimu.

Hata Neno la Mungu huingia kwa njia hiyo. Wakisimuliwa habari ya kondoo aliyepotea, mmoja hujificha nyuma ya mlango, mwingine huwa mchungaji, akawahesabu wenzake na kuona mmoja hayupo. Amwonapo, darasa zima hushangilia. Mtoto aliyekuwa nyuma ya mlango amejua maana ya kutafutwa.

Haya si mageni katika Kanisa. Johann Amos Comenius, aliyezaliwa katika nchi ya Moravia mwaka 1592, alifiwa na wazazi wote wawili angali mtoto, akakua akawa askofu wa Umoja wa Ndugu. Katika miaka ya 1630 aliwaandikia wazazi kitabu juu ya malezi ya mtoto hata afikapo miaka sita, akitaka mtoto ajue vitu kwa kuviona na kuvishika, tena aachwe acheze. Mwaka 1658 kilichapwa kitabu chake cha picha kwa watoto, ili jina na kitu viende pamoja. Katika mizizi ya Umoja huo limetoka Kanisa la Moravian, ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891. Basi waumini wa nchi hii wakiona watoto wanajifunza kwa maharagwe na udongo, wasidhani ni mzaha wa siku hizi.

Serikali nayo, katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliagiza kwamba elimu ya awali iwe ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kwa hiyo kumweka nyumbani mtoto wa umri huo ili amlee mdogo wake ni kumnyima haki yake.

Twajua, enyi wazazi, kwamba ada hutoka katika jasho la mahindi na viazi, nanyi mna haki ya kuuliza mtoto anapata nini. Ila ulizeni vema. Badala ya kutaka daftari, mwambieni, "Nionyeshe ulilofanya leo." Mama akichambua maharagwe, ampe mtoto konzi moja ayapange kwa rangi. Baba akitoka shambani, amtume alete majembe mawili, kisha matatu. Bibi naye amsimulie hadithi kwa lugha ya nyumbani, maana mtoto mwenye maneno mengi ya kwao hujifunza ya shuleni kwa wepesi.

Nanyi walimu, waiteni wazazi angalau mara moja kwa muhula waketi darasani asubuhi nzima. Mzazi akimwona mwanawe akigawa maharagwe kumi kwa wenzake watano pasipo kumpunja mtu, hatauliza tena ada imekwenda wapi.

Mungu awabariki watoto wetu na wote wawaleao.