Nani Hulipwa kwa Neno "Pamba"?

Shati la mtumba kutoka soko la Gikomba au Karume mara nyingi huja na utepe mweupe ulioshonwa ubavuni kwa ndani, mrefu kiasi kwamba wanunuzi wengi huukata kwa mkasi siku ileile kwa sababu unawasha. Kabla hujaukata, usome. Utakuta "cotton", halafu Baumwolle, coton, algodón, cotone, katoen, bomull, bawełna, puuvilla, pamut. Neno la Kiingereza analolijua hata mtoto wa darasa la pili limerudiwa kwa lugha za nusu ya Ulaya, na kila lugha ina sababu ya kisheria ya kuwa pale.

Kanuni namba 1007 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inataka nyuzi za nguo zitajwe kwa lugha rasmi ya nchi ambako nguo inauzwa. Kiwanda cha Bangladesh hakiwezi kushona utepe wa Warsaw na utepe wa Lisbon kila mmoja peke yake, kwa hiyo kinashona lugha zote kwa pamoja. Majina ya nyuzi yamo kwenye kiambatisho cha kanuni yenyewe, na kanuni imechapishwa kwa lugha zote rasmi za Umoja. Basi "pamba" haimgharimu mwenye kiwanda hata senti, maana walishalipwa maofisa wa umma walioifasiri sheria. Lakini maneno mengine ya utepe huo (fua ukiwa umegeuza ndani nje, usikaushe kwa mashine, osha peke yake mara ya kwanza) lazima ayanunue, na hapo ndipo biashara ya tafsiri inapoanza.

Bidhaa hii huuzwa kwa neno. Mteja hutuma maandishi, kompyuta huhesabu maneno, na ankara hutoka. Tuseme bei ni senti 10 za euro kwa neno. Mwongozo wa jokofu wenye maneno 12,000 utamwingizia mfasiri euro 1,200, na ana siku kadhaa za kuifanya kazi hiyo kwa utulivu. Onyo la kufua lenye maneno matatu litamwingizia senti 30. Kwa senti hizo 30 anatakiwa afungue barua pepe, aulize utepe una upana gani, athibitishe nguo ni ya aina gani, aandike, arudishe, na atume ankara. Ndiyo maana wafasiri wengi wa kujitegemea huweka kima cha chini cha malipo kwa kila oda, hata ya neno moja, na ndiyo maana kila mwaka wateja wapya hushangaa kwa nini neno moja lina bei ya chakula cha mchana.

Wateja hao wanadhani neno fupi ni kazi fupi. Waliomo kwenye biashara wanajua mambo ni kinyume kabisa.

Chukua programu ya simu. Kampuni ya Kiingereza inayotaka kuuza Ujerumani, Ufaransa na Poland haimpi mfasiri programu yenyewe aione. Humtumia jedwali lenye mistari elfu kadhaa: safu moja ina msimbo, ya pili neno la Kiingereza, ya tatu tupu, ya nne idadi ya juu ya herufi zinazoruhusiwa. Mstari wa 418 umeandikwa "Open", hakuna zaidi. Kama ni kitufe cha kubonyeza, Mjerumani atataka Öffnen. Kama ni hali ya faili au saa za duka, atataka Geöffnet. Mfaransa naye atauliza kitu chenyewe ni cha kiume au cha kike. Mstari wa 419 una "files", kwa ajili ya kuhesabu mafaili. Kiingereza kina umbo la moja na umbo la wingi, kimemaliza. Kipolandi kinasema plik kwa faili moja, pliki kwa mawili hadi manne, plików kwa matano, na mwandishi wa programu aliyeacha nafasi mbili tu ameshamfungia mfasiri mlango. Hapo mfasiri hutuma swali kwa wakala wa tafsiri, wakala huuliza kampuni kubwa ya tafsiri iliyompa kazi, kampuni kubwa humuuliza mteja, na jibu hurudi siku tatu baadaye: "tumia busara yako".

Kisha kuna suala la nafasi. Miongozo ya zamani ya IBM kwa wabunifu wa programu iliweka kanuni ambayo bado inanukuliwa: maandishi ya Kiingereza yenye herufi zaidi ya 70 yatengewe nafasi ya ziada kama asilimia 30 yakienda lugha nyingine, lakini yale yasiyozidi herufi 10 yatengewe nyongeza ya asilimia 100 hadi 200. Kadiri neno linavyokuwa fupi ndivyo linavyofura. Neno "views" la herufi 5, lile la kuhesabu watu waliotazama picha, kwa Kiitaliano ni visualizzazioni, herufi 15. Liweke kwenye kitufe cha simu uone.

Haya ni ya kukera tu. Kuna mahali yanaumiza. Kati ya mwaka 2006 na 2007 hospitali moja ya Berlin iliwawekea wagonjwa 47 magoti bandia kwa njia isiyo sahihi. Kifaa kilikuwa cha aina inayoshikizwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu ya kitabibu. Boksi lilisema kwa Kiingereza "non-modular cemented": si cha kuunganishwa vipande, na ni cha kushikizwa kwa saruji. Ile "non" ilihusu neno la kwanza tu. Mtu aliyeifasiri kwa Kijerumani akaipeleka mpaka neno la mwisho, na kifaa kikachukuliwa kuwa kisichohitaji saruji. Magoti yakawekwa bila saruji, mgonjwa baada ya mgonjwa, kwa miezi. Kwa bei ya sokoni maneno hayo ni senti 20 au 30, inategemea kama kompyuta inahesabu kistari kuwa mpaka wa neno. Leo Kanuni ya Vifaa Tiba namba 745 ya 2017, iliyoanza kutumika kikamilifu Mei 2021, inamtaka mtengenezaji atoe maelezo kwa lugha ambayo nchi husika imeipanga, na vifaa tiba vimekuwa moja ya kona chache za biashara hii ambako bei bado ni ya heshima.

Tuje kwa mteja mkubwa, serikali. Kanuni namba 1 ya mwaka 1958 iliyopanga lugha za Jumuiya ya Ulaya ilitaja nne: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiholanzi. Kiingereza hakikuwemo, kiliingia 1973 pamoja na Kidenmaki. Mwaka 2004 ziliongezeka tisa kwa mpigo, na Kikroatia mwaka 2013 kikafikisha lugha 24. Ukitaka kila lugha ifasiriwe moja kwa moja kwenda kila nyingine unahitaji njia 552, hesabu isiyotekelezeka, kwa hiyo kwa vitendo sehemu kubwa ya nyaraka za Tume ya Ulaya huandikwa kwanza kwa Kiingereza na kutoka hapo kusambazwa. Uingereza yenyewe iliondoka Januari 31, 2020. Lugha yake ilibaki kazini, ikiwa mali ya Ireland na Malta.

Idara ya tafsiri ya Tume, yenye ofisi Brussels na Luxembourg, ina wafanyakazi karibu 2,000 na hutoa zaidi ya kurasa milioni 2 kwa mwaka, ukurasa mmoja ukihesabiwa kuwa herufi 1,500 bila nafasi. Sehemu ya kazi hutolewa kwa zabuni kwa kampuni binafsi. Malta ilipojiunga hapakuwa na wafasiri wa kutosha wa Kimalta, ikabidi lugha hiyo ipewe msamaha wa muda. Kiayalandi kilikaa kwenye msamaha wa namna hiyo hadi mwisho wa 2021. Sheria ilitangulia, soko likafuata, na vijana waliokijua Kiayalandi vizuri wakajikuta na ajira ya mshahara wa Luxembourg. Wanaosema serikali haiwezi kuiumbia lugha thamani ya fedha waangalie mfano huo.

Wafanyabiashara nao huikataa gharama hii wanapoweza, hata mahakamani. Muuzaji mmoja wa Ubelgiji, kampuni ya Peeters, aliuza maji ya chupa katika eneo la Flanders, kunakozungumzwa Kiholanzi, yakiwa na lebo za Kifaransa au Kijerumani peke yake. Kundi la washindani wake likamshtaki. Juni 18, 1991 Mahakama ya Ulaya ilisema nchi haiwezi kulazimisha lugha ya eneo pekee bila kuruhusu lugha nyingine inayoeleweka kwa urahisi na wanunuzi. Mawakili wa viwanda wamekula sana kutokana na maneno hayo "inayoeleweka kwa urahisi". Wengine huamua kukimbia maneno kabisa: kampuni ya samani ya IKEA huchora miongozo yake, na alama za kufulia nguo zinasimamiwa na GINETEX, chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1963. Michoro inasaidia hadi pale unapotaka kumwambia mtu "isipokuwa".

Kilichobadilisha hesabu zote ni kumbukumbu ya tafsiri. Kampuni ya Trados ilianzishwa Stuttgart mwaka 1984, na programu yake huhifadhi kila sentensi pamoja na tafsiri yake. Sentensi ileile ikirudi kwenye mwongozo wa mwaka ujao, programu huileta tayari. Kwa mwongozo wa jokofu hilo ni jambo jema. Lakini mawakala wakaigeuza kuwa jedwali la punguzo: sentensi inayofanana kwa asilimia 100 na ya zamani hulipwa sehemu ndogo ya bei, au hailipwi kabisa, inayofanana kwa asilimia 80 hulipwa nusu au zaidi kidogo. Sasa rudi kwenye "Open". Kompyuta itasema imeiona, inafanana kwa asilimia 100, na haina malipo. Inaweza kuwa ni ile ya mlango wa duka, wakati safari hii inatakiwa ya kitufe. Mfasiri anayejali ataikagua bure. Asiyejali ataiacha ipite, na mimi siwezi kumlaumu sana.

Mashine ya tafsiri ilikuja juu ya msingi huohuo. Tume ya Ulaya ilinunua mfumo wa Systran mwaka 1976, na kwa miaka mingi ulikuwa msaada mdogo. Mambo yaligeuka pale tafsiri za binadamu zilipogeuzwa malighafi. Mwaka 2005 Philipp Koehn wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alitoa mkusanyo wa mijadala ya Bunge la Ulaya, sentensi kwa sentensi, na mwaka 2007 Tume ikatoa bure kumbukumbu zake za tafsiri. Huko Cologne, kampuni iliyoanza na kamusi ya mtandaoni ya Linguee, iliyokusanya tafsiri kutoka intaneti, ilizindua DeepL mwaka 2017. Mei 2024 wawekezaji waliipa thamani ya dola bilioni 2. Wafasiri walilipwa mara moja kwa sentensi zile. Mashine inaziuza kila siku.

Upande wa pili wa daftari hausomeki vizuri. RWS ya Uingereza, moja ya kampuni kubwa zaidi za tafsiri duniani, iliinunua SDL mwaka 2020, na SDL ndiyo iliyokuwa imeinunua Trados mwaka 2005. Bei ya hisa za RWS imeporomoka sana tangu 2021. Chini kabisa, kwa mfasiri wa kujitegemea, kazi mpya inaitwa kusahihisha mashine, na hulipwa pungufu ya kufasiri. Utafiti wa chama cha waandishi cha Uingereza, Society of Authors, uliotolewa 2024 ulikuta asilimia 36 ya wafasiri waliohojiwa wameshapoteza kazi kwa sababu ya akili unde, na asilimia 43 wamesema thamani ya mapato yao imeshuka.

Nikitazama mwenendo huu naona soko linalipa kwa kipimo kibaya. Kwa maandishi marefu ya kawaida mashine imeshinda bei, na haitarudi nyuma. Kilichobaki na thamani ni vile vipande vifupi vya maneno vinavyosimama peke yake, kwenye kitufe, kwenye boksi la dawa, kwenye kifuniko cha chupa, ambavyo mashine haina sentensi ya kuviegemeza. Kuviuza kwa neno ni kujipunja. Viuzwe kwa saa, na kwa uwajibikaji.

Hili si la Wazungu peke yao. Korosho za Mtwara na makadamia ya Murang'a vikifungashwa kwa ajili ya rafu za Ulaya huingia chini ya Kanuni namba 1169 ya 2011, inayotaka maelezo ya chakula yawe kwa lugha inayoeleweka kwa urahisi na walaji wa nchi kinakouzwa. Korosho na makadamia zimo kwenye orodha ya makundi 14 ya vyakula vinavyodhuru wenye mzio, kwa hiyo majina yake lazima yajitokeze wazi kwenye orodha ya viambato kuliko maneno mengine. Msafirishaji anayenakili neno kutoka mashine ya bure na kulibandika kwenye pakiti elfu 20 anaweza kurudishiwa kontena zima. Kama unauza huko, mlipe mfasiri wa nchi husika kwa saa moja, na umwonyeshe picha ya pakiti nzima kabla haijaenda kuchapwa.