Fahamu: Tena wa kwaya hufikaje jukwaa la opera?

Mukurweini, huko Nyeri, haina uhaba wa sauti. Kwaya za makanisa ya Nyeri zimezoea kugawana soprano, alto, tena na besi, na shule hushindana kila mwaka katika Tamasha la Muziki la Kenya. Kinachokosekana ni njia ya kutoka hapo hadi jukwaa la opera.

Mtazame aliyeipata. Levy Sekgapane, tena wa Afrika Kusini, alisomea uimbaji Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2017 alishinda Operalia, shindano lililoanzishwa na Plácido Domingo mwaka 1993 kwa waimbaji wa miaka 18 hadi 32. Zawadi yenyewe si jambo kubwa zaidi. Faida ni majaji, maana wengi wao ndio wanaoajiri katika majumba ya opera.

Sekgapane alijijenga kwa kazi za mtunzi Rossini, zinazotaka wepesi kuliko nguvu. Hiyo ni busara. Tena kijana anayekimbilia kazi nzito za Wagner mapema huweza kuichosha sauti kabla haijakomaa, kwa kuwa opera huimbwa bila kipaza sauti, juu ya okestra nzima. Isitoshe, Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa lazima vitamkwe sawasawa.

Kenya ina walimu, na Baraka Opera Trust ya Rhoda Ondeng Wilhelmsen imetayarisha maonyesho. Lakini hakuna jumba la opera linalolipa waimbaji mshahara wa kudumu, kama yale mengi ya Ujerumani. Ndiyo maana kijana hulazimika kusafiri kufanyiwa usaili, na nauli na viza mara nyingi hutoka mfukoni mwake.