Rangi ya Chumba: Jaribuni Kabla ya Kununua Debe

Kikundi kimemaliza kupiga plasta chumba cha mikutano, na pesa za rangi zimechangwa. Sasa ni ubishi: wengine wataka rangi ya mchanga, wengine ile ya mchanga iliyotiwa kijivu kidogo. Kwenye kadi ya dukani zafanana kama mapacha. Ukutani sivyo.

Msiamue dukani. Nunueni mkebe mdogo wa kila rangi, mpake vipande viwili vya mbao, mara mbili kila kimoja, na mviache vikauke, maana rangi ya maji mara nyingi hukolea ikikauka. Kisha viegemezeni ukutani, mbali na dirisha. Vitazameni asubuhi, adhuhuri, na jioni taa ikiwashwa. Penye udongo mwekundu, jua likipiga uwanja, wekundu huingia mlangoni na rangi ya mchanga huweza kuonekana kama waridi. Hapo ile yenye kijivu hutulia. Lakini katika chumba chenye kidirisha kimoja, kijivu huleta giza, na mweka hazina ataumia macho akisoma daftari. Taa ya mafuta nayo huzipa zote mbili umanjano. Mkikutana usiku tu, chukueni iliyo rahisi!

Mkishakubaliana, nunueni yote siku moja. Lita moja hupaka kama mita 10 za mraba, mkono mmoja, kwenye plasta laini. Mikebe iliyochanganywa siku tofauti yaweza kutofautiana, kwa hivyo imimineni yote kwenye pipa moja, mkoroge. Na plasta mpya ipeni wiki nne ikauke, hata fundi akiwa na haraka.