Vita vya Manowari za Angani Juu ya Meza ya Chakula

Usiku wa baridi, vyombo vya chakula vikisha kuondolewa, katika nyumba kadha wa kadha za Uingereza hutandikwa mezani kitambaa cheusi chenye madoadoa meupe mfano wa nyota, na juu yake hupangwa manowari ndogo za madini, nyingi hazizidi urefu wa kidole. Watu wawili huketi wakikabiliana, kila mmoja na utepe wake wa kupimia na dadu zake. Hapo vita huanza.

Mchezo huo uitwao Battlefleet Gothic ulitolewa mwaka 1999 na kampuni ya Games Workshop ya mjini Nottingham, na mtungaji wake mkuu ni Andy Chambers. Nasaba yake ni ya kale. Mwaka 1824 Luteni von Reisswitz wa jeshi la Prussia alitoa mchezo wa vita uliochezwa kwa ramani, vipande na dadu, ukatumika kuwafundisha maofisa. Na mwaka 1898 Mwingereza Fred T. Jane, ambaye jina lake lingali juu ya vitabu vya manowari, akatoa mchezo wa vita vya baharini. Kwa hiyo askari aliyezoea ramani hatajiona mgeni kwenye meza hiyo, ijapokuwa manowari zinazopigana ni za nyota kwa nyota na hazijapata kuwapo.

Manowari za kawaida za mchezo huu ni nzito. Moja ya daraja la kati husogea sentimita 20 kwa zamu, ina ngao mbili, na hustahimili mapigo manane kabla ya kuangamia. Lakini wapo maharamia wa taifa la kubuniwa liitwalo Waeldar, ambao meli zao ni za namna nyingine kabisa. Hazina ngao. Badala yake zimevikwa pazia la mazigazi linalomdanganya mpiga mizinga asijue meli iko wapi hasa. Ganda lao ni jembamba, dadu ya 4 au zaidi yatosha kulitoboa, na zile ndogo huangamia kwa pigo moja tu. Hata majina yao yana onyo ndani yake, kwani yametolewa katika mimea yenye sumu ya Ulaya.

Kinga yao ya kweli ni mwendo. Wachezaji wengine husogeza meli mara moja katika zamu. Mweldar husogeza, hupiga mizinga, kisha husogeza tena. Na mwendo wenyewe hutoka katika matanga yanayosukumwa na mwanga wa jua. Kabla ya vita huamuliwa ukingo upi wa meza ndio upande wa jua. Anayelielekea jua hutambaa sentimita 10. Anayelipa kisogo huenda maradufu. Anayelikinga ubavuni ndiye aendaye mbio kuliko wote. Nahodha wa jahazi hatahitaji kuelezwa zaidi.

Pande mbili zote zikiwa za meli hizo, uvumilivu hupimwa kweli kweli. Mizinga yao mingi huelekea mbele, hivyo mwenye kushambulia hana budi kumwelekezea adui omo ya meli yake, na kwa kanuni za mchezo meli inayokuja moja kwa moja ndiyo rahisi kupigwa, na inayopita kwa ubavu ndiyo ngumu. Chini ya sentimita 15 hatari huzidi.

Chukua mfano wa baba na bintiye, kila mmoja na merikebu moja kubwa na ndogo sita. Binti amepata upande wa jua. Anazituma ndogo tatu, jua likiwa kisogoni. Zinapiga, mbili za baba zinatoweka, kisha kwa mwendo wa pili zinakata ubavuni na kujificha nyuma ya kundi la vimondo, mahali ambapo mizinga haipenyi. Baba anaona haya mbele ya nyumba yake. Anageuza omo zote kuelekea jua na kufuata. Zinatambaa. Hazifikii shabaha. Bado angeweza kuutumia mwendo wake wa pili kurudi nyuma salama. Badala yake anautumia kusonga mbele zaidi, akidhani zamu ijayo itakuwa yake. Kosa hilo wamelifanya makamanda wenye nyota begani, tena si juu ya kitambaa.

Binti akatoka na meli zake zote. Ndogo tatu zaidi zikaondolewa mezani.

Kabla ya kueleza yaliyofuata, neno moja kwa mama wa nyumba atakayeuliza gharama. Kampuni iliacha kuuza meli hizo mnamo 2013, na waliozihifadhi hawaziachi kwa bei ndogo. Hilo lisimkatishe mtu tamaa. Wachezaji wengi hutengeneza zao wenyewe, na kwa hakika vifuniko vya chupa vilivyochorwa mshale wa kuonyesha omo vinatosha, pamoja na dadu, rula na meza ya futi 6 kwa 4.

Turudi mezani. Vita vile vilikuwa kimoja katika mfululizo, na katika mfululizo meli iliyookoka hurudi vitani siku nyingine pamoja na sifa za nahodha wake, iliyozama imezama. Baba alibakiwa na merikebu kubwa, nayo imeumia, na ndogo moja. Kubwa ilihitaji zamu moja tu kuufikia ukingo wa meza. Lakini nani angeikinga? Mkono wake ulikaa juu ya ile ndogo kwa muda mrefu, mkewe akauliza kama chai imwagwe. Hatimaye akaigeuza ile ndogo peke yake, ikasimama kati ya adui na mkubwa wake, na ile kubwa ikatoka.

Binti akahesabu dadu tatu, akazirusha. Zikatoka 1, 3 na 2.