Lita moja ya asali si kilo moja

NDOO ya lita 20 iliyojaa asali ina kilo ngapi? Mfugaji nyuki anayejibu kuwa ni kilo 20 amekwisha kupoteza kilo nane kabla hata hajapokea fedha zake.

Kosa hilo hutokana na mazoea ya maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kwa kuwa maziwa na mafuta ya kula hayatofautiani nayo sana, wengi wetu huzitaja lita na kilo kana kwamba ni kitu kimoja. Asali haifuati mazoea hayo. Lita yake moja ina uzito wa takriban kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 hubeba kilo 28.

Sababu yake ni kwamba takriban asilimia 80 ya asali ni sukari iliyoyeyuka katika maji machache. Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex Alimentarius, vinataka maji yasizidi asilimia 20 katika asali ya kawaida. Wingi huo wa sukari katika nafasi ndogo ndio unaoifanya iwe nzito.

Kanuni ya kukokotoa ni nyepesi. Ukitaka uzito kwa gramu, zidisha mililita kwa 1.4. Ukitaka ujazo, gawanya gramu kwa 1.4. Kwa hiyo kilo moja ya asali ni takriban mililita 714 tu, na mnunuzi asidhani amepunjwa akiona chupa ya lita moja haikujaa.

Katika mikoa inayosifika kwa asali kama Tabora na Singida, hesabu hii ni suala la kipato. Tuchukulie kilo moja inauzwa Sh10,000. Bei ya haki ya lita ni Sh14,000, na ya ndoo nzima ni Sh280,000. Anayelipwa kwa kilo 20 huambulia Sh200,000.

Jikoni nako mambo ni hayo hayo. Mapishi yakitaka gramu 350 za asali, pima kikombe kimoja cha mililita 250. Kijiko kikubwa cha mililita 15 kina gramu 21, na cha chai cha mililita 5 kina gramu 7. Shira ya sukari ni nyepesi kidogo: iliyotengenezwa kwa sukari na maji yenye uzito sawa, ikipoa, kikombe hicho hicho hubeba takriban gramu 308.

Mizani yaweza pia kufichua asali iliyoongezwa maji. Pima chombo kitupu kwanza, kijaze lita moja, upime tena na kutoa uzito wa chombo. Ikipungua sana chini ya kilo 1.4, una haki ya kuuliza. Hata hivyo, uzito kamili si uthibitisho wa usafi, kwani shira nzito iliyochanganywa humo yaweza kuudanganya mzani.

Lililo muhimu ni muuzaji na mnunuzi kukubaliana mapema kipimo kitakachotumika, na bei itajwe kwa kipimo hicho hicho.