KWA NINI LORI KUUKUU LA DIZELI HUGOMA ASUBUHI

Wengi wenu mmewahi kuniona nikiingia darasani nimechelewa, mikono ikinuka dizeli, na mwalimu wa zamu akiniuliza nimetoka wapi. Jibu langu lilikuwa ni lile lile: "Mwalimu, tulikuwa tunasukuma lori." Nanyi mnacheka. Basi leo naomba niwaeleze kisa chenyewe, maana hapa kwetu Kinangop nyumba nyingi zina lori, trakta au pikapu ya dizeli, na mwezi wa Julai ukifika ni kilio kijiji kizima.

Kwanza tuielewe injini. Ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, yule Mjerumani ambaye injini yake ilifanya kazi sawasawa mwaka wa 1897, alitegemea jambo moja tu: hewa ikibanwa sana hupata joto. (Aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua jinsi pampu inavyochoma mkono kule chini.) Ndani ya silinda, hewa hubanwa mpaka ibaki na nafasi kama sehemu moja kati ya 20. Joto linapita nyuzi 500, nozo inanyunyiza dizeli, nayo inajiwakia yenyewe. Lakini alfajiri yenye baridi, chuma cha injini huliiba joto hilo. Tena sisi tuko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hivyo hata hiyo ya kubanwa ni chache. Ndiyo sababu injini nyingi za zamani zina hita plagi, yaani kijiti cha chuma katika kila silinda ambacho umeme wa betri hukipasha mpaka kiwe chekundu kabla hujapiga stata.

Lori la ami yangu ni la tani 3, lina silinda 4 na limenizidi umri mbali sana. Hubeba viazi na kabeji hadi Nairobi, na anayechelewa sokoni huuza kwa hasara. Lilipoanza kugoma, fundi wa kwanza alisikiliza kidogo tu akasema ringi zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Gharama aliyotaja ilikuwa ni ya kuuza ng'ombe wawili wa maziwa, na mmoja wao ndiye anayenilipia karo. Nililala vibaya siku hiyo.

Ami akaona heri aliegeshe mteremkoni ili liwake kwa kuteremka. Alfajiri moja liliteremka, gea ikaingia, halikushika. Kumbe breki za lori kama hilo husaidiwa na pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikizima, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Mimi na binamu yangu tulikuwa nyuma, tukabaki tumesimama tu tukilitazama likienda. Ua wa jirani ndio ulilizuia, hatua chache kutoka pale mama mwenye boma alipokuwa akikamua.

Hapo ndipo tulipomwita mzee mmoja mwenye gereji sokoni. Nilishika spana, akaniambia, "Kijana, weka hiyo chini. Tazama moshi kwanza."

Ukipiga stata na bomba lisitoe chochote, dizeli haifiki, shida itafute kwenye tangi, filta au pampu. Ukitoka moshi mweupe unaowasha macho, dizeli inafika lakini haiungui, joto halitoshi. Injini ikishapata moto na bado inatoa moshi wa buluu na kula oili, sasa hapo ringi zishukiwe. Letu lilitoa mweupe, na likishapata moto lilipanda Limuru na mbolea bila kukohoa. "Ringi gani?" mzee akauliza.

Akapiga stata sekunde chache kisha akagusa vichwa vya betri. Kimoja kilikuwa cha moto. Maana yake umeme unapita kwa shida, stata inazunguka kwa uvivu, na joto linatoroka kabla dizeli haijafika. Tukaosha ule unga wa kijani kwa maji moto, tukakwangua, tukakaza. Oili nzito nayo huongeza uvivu huo, basi akatuambia tuache ile ya 40 tupu tutie 15W-40.

Halafu hita plagi. Tulitoa kipande cha bati kinachoziunganisha zote nne. Akachukua taa ndogo ya volti 12, waya mmoja kwenye chanya ya betri, wa pili kwenye kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, plagi ni nzima. Iliwaka kwa ya kwanza na ya nne tu. Mbili zilikuwa zimekufa, na sisi miezi yote tunasukuma! Alizifungua injini ikiwa na moto, kwa sababu ikiwa baridi plagi iliyoshikwa na masizi huweza kukatikia ndani. Bei ya mbili mpya haikufika ya gunia moja la viazi.

Kuna wanaomwaga petroli kwenye njia ya hewa, au kuweka jiko la makaa chini ya injini. Mzee aliapa hatawahi. Plagi zikiwa nyekundu, mvuke wa petroli hulipuka hata kabla pistoni haijafika juu, na jiko chini ya injini inayovuja mafuta sihitaji kulieleza.

Sasa lori linashika mara moja. Limebakiza ugonjwa wa hewa: likilala siku mbili linawaka, linakohoa, linazima, kwa sababu mahali fulani mpira unaruhusu hewa na dizeli inarudi tangini. Dawa yake ni kulegeza skrubu ya filta, kupiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kisha kukaza. Jumamosi iliyopita tuliufunga mpira huo kwa kibano kipya. Kwa hivyo nikichelewa tena muhula huu, mwalimu wa zamu ajue si lori.